Kuchagua Mfumo wa Kufuatilia Boti Isiyo na Mtu: Ulinganisho kwa Wenye Boti wa Dar es Salaam

Boti nyingi zinazoelea katika ghuba ya Msasani, mbele ya Kunduchi na Mbweni, na upande wa Kigamboni, hukaa siku nyingi bila mtu ndani yake. Mwenye boti anaishi Mikocheni, Tabata au hata Dodoma, hufika mwisho wa wiki bahari ikiwa tulivu, na kusi ikishika hupita wiki kadhaa asiitazame. Muda wote huo usalama wa chombo unategemea vitu vitatu: kamba ya boya, betri, na pampu ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambamo maji hukusanyika. Mifumo ya kufuatilia boti kwa mbali huuzwa kwa ahadi nyingi, lakini kazi yake ya msingi ni kumjulisha mwenyewe, mapema ya kutosha, kwamba kimojawapo cha vitu hivyo kimeanza kushindwa.

Ulinganisho huu unahusu aina nne zinazoweza kupatikana au kuagizwa na mkazi wa Dar es Salaam: kifaa kidogo kinachotuma ujumbe mfupi, kifaa cha laini ya simu kinachopeleka taarifa kwenye seva na kuzionyesha katika programu ya simu, mfumo mkubwa wa umeme wa boti uliounganishwa na intaneti kupitia ruta, na kifaa cha setilaiti. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ni kipi kinaonyesha mambo mengi zaidi kwenye kioo. Ningependa waanze kwa kuuliza ni kipi kitakachopiga kelele saa nane za usiku wakati wa masika, kitampigia nani, na huyo atakayepigiwa ataifikia boti baada ya muda gani.

Kinachozamisha boti ikiwa imefungwa kwenye boya

Wizi ndio unaozungumzwa zaidi, hasa wizi wa mashine za nje, na hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kwa boti iliyofungwa na kuachwa, adui wa kila siku ni maji. Chukua boti ya faiba iliyo wazi, yenye eneo la kupokea mvua la mita za mraba 10. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu katika Aprili ya Dar es Salaam, inaingiza lita 500, yaani nusu tani ya maji. Pampu ndogo inayotoa lita 30 kwa dakika ingeyamaliza maji hayo kwa dakika zisizofika 20, ikitumia chini ya ampea-saa 2 za betri. Kwa hiyo mvua yenyewe haizamishi boti ambayo pampu yake ni nzima na betri yake ina chaji. Boti huzama pale ambapo kitu kidogo kimeharibika kabla ya mvua kufika.

Kitu hicho mara nyingi ni swichi ya kuelea, ile inayoiwasha pampu maji yanapopanda. Ikinasa juu kwa sababu ya uchafu au kipande cha mfuko wa plastiki, pampu huendelea kuzunguka hata ngama ikiwa kavu. Pampu inayovuta ampea 4 itameza ampea-saa 96 kwa siku moja, na betri ya ampea-saa 100 itakuwa imekufa kabla ya jua la kesho yake kuzama. Mvua ya keshokutwa itaikuta boti haina ulinzi wowote. Ndiyo maana kifaa kinachosema tu kwamba “pampu imewaka” hakitoshi. Kinachofaa zaidi ni kile kinachohesabu pampu imewaka mara ngapi kwa siku na kwa muda gani kila mara. Pampu iliyokuwa ikiwaka mara moja kwa siku na sasa inawaka kila saa inaeleza habari ya kiziba cha shafti kinachovuja, wiki mbili au tatu kabla hali haijawa ya hatari.

Uvujaji mkubwa ni jambo jingine kabisa. Tundu la milimita 25 lililo sentimita 60 chini ya usawa wa maji, ukubwa wa kawaida wa mpira uliochomoka kwenye vali, hupitisha takribani lita 60 kwa dakika. Pampu ya lita 30 haiwezi kushindana nalo, na ndani ya saa moja boti itakuwa imebeba karibu tani 2 za maji. Katika hali hiyo tofauti kati ya taarifa inayofika baada ya dakika 1 na ile inayofika baada ya nusu saa ndiyo tofauti kati ya kuikuta boti ikielea na kuikuta ikiwa chini. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila mfumo unaofuata.

Kifaa cha ujumbe mfupi

Hiki ndicho rahisi kuliko vyote: kisanduku chenye nafasi ya laini moja, nyaya mbili za umeme, na viingilio viwili hadi vinne vya swichi. Maji yakipanda na kugusa swichi, au mlango wa chumba cha chini ukifunguliwa, kifaa hutuma meseji kwa namba ulizoziandika, na vingine hupiga simu kabisa. Vingi hupima volti za betri na kujibu ukivitumia neno maalumu la kuuliza hali.

Nguvu yake kubwa ni kwamba hakitegemei intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania iliyumba vibaya, na huduma nyingi ambazo seva zake ziko Ulaya au Marekani ziliathirika. Meseji inayotoka kwenye laini ya hapa kwenda kwenye laini nyingine ya hapa haipiti katika nyaya hizo. Pia meseji hupenya mahali ambapo mawimbi ni hafifu na data haivutiki, na simu inayolia humwamsha mtu kuliko alama ndogo inayojitokeza juu ya kioo na kupotea.

Udhaifu wake unahusu ukimya. Kifaa cha ujumbe mfupi kikifa, hakisemi kwamba kimekufa. Salio likiisha, kifurushi kikipitwa na muda, laini ikafungwa kwa kutotumika muda mrefu, au chumvi ikala kiungio cha waya, mwenye boti huendelea kulala kwa amani akidhani kimya maana yake ni salama. Dawa yake ipo: chagua kifaa kinachoweza kutuma meseji ya hali kila siku kwa saa maalumu, tuseme saa moja asubuhi, ili kukosekana kwa meseji hiyo kuwe ndiyo onyo. Lakini dawa hii inahitaji mtu mwenye nidhamu ya kugundua kitu ambacho hakikuja, na wengi wetu hatuna nidhamu hiyo baada ya mwezi wa pili.

Kifaa cha laini ya simu chenye seva

Hapa tofauti ya msingi ni kwamba kifaa huripoti kwenye seva kila baada ya dakika kadhaa, na seva yenyewe hutambua pale kinapoacha kuripoti. Kazi ya kugundua ukimya huhama kutoka kwa mwenye boti na kwenda kwa mashine isiyosahau. Kwa maoni yangu sifa hii moja ina thamani kuliko ramani, michoro ya rangi na historia ya safari vikiwekwa pamoja. Kabla ya kununua, muulize muuzaji akuonyeshe kwa vitendo: achomoe waya wa umeme wa kifaa cha maonyesho, kisha mhesabu pamoja dakika zinazopita kabla simu haijapokea onyo la kukosekana kwa mawasiliano. Ikiwa mpangilio wa onyo hilo haupo, hicho si kifaa cha boti isiyo na mtu, hata kikisifiwa vipi.

Ndani ya kundi hili kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia vifaa vya kufuatilia magari, vile ambavyo mafundi wa Kariakoo wamezoea kuvifunga kwenye malori na pikipiki. Dar es Salaam ina utaalamu mkubwa wa vifaa hivi, kwa kuwa biashara ya usafirishaji inavitumia sana na mabasi ya mikoani hulazimika kuwa na mfumo wa ufuatiliaji chini ya LATRA. Ni vya bei nafuu, vipuri na mafundi wapo, laini ni ya hapa, na seva nyingine huendeshwa na kampuni za humu mjini ambazo unaweza kwenda kugonga mlango wao. Vifaa vya aina ya Teltonika, vinavyotengenezwa Lithuania, vina viingilio vya ziada ambavyo fundi anayejua kazi anaweza kuviunganisha na swichi ya maji na waya wa pampu.

Shida ni kwamba vilibuniwa kwa ajili ya gari. Kisanduku cha kawaida cha gari hakijazibwa dhidi ya unyevu wa chumvi, na seva nyingi huiita kila kengele “injini imewashwa” au “mlango umefunguliwa”, kwa hiyo ni lazima umwombe mtoa huduma abadili maneno hayo yawe “maji kwenye ngama” na “pampu inafanya kazi”. Usilichukulie hili kuwa dogo. Mtu aliyeamshwa usiku akasoma kwamba mlango wa gari lake umefunguka atalala tena. Tafuta kisanduku chenye kiwango cha IP67, maana yake vumbi haliingii na kinastahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, au kifungwe ndani ya kisanduku kingine kisichopitisha maji.

Njia ya pili ni vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya boti tangu mwanzo, kama vya Siren Marine ya Marekani, kampuni iliyonunuliwa na Yamaha mwaka 2021. Hivi huja na vihisi vya maji, vya joto na vya mlango, na programu yake huzungumza lugha ya bahari. Viungio vyake ni imara zaidi, na ukaguzi wa betri na pampu umefikiriwa vizuri. Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo mnunuzi wa hapa hana budi kuyauliza kwa maandishi. La kwanza ni mtandao. AT&T ilizima 3G yake Februari 2022, na vifaa vingi vya soko la Marekani sasa hutumia LTE-M, aina ya 4G iliyokusudiwa vifaa vidogo; kifaa kinachotegemea LTE-M peke yake hakitafanya kazi pale ambapo mtandao wa hapa hautoi huduma hiyo. Uliza kinashika masafa gani na kama kinaweza kurudi kwenye 2G. La pili ni laini: ikiwa imejengewa ndani na haiwezi kubadilishwa, unategemea mkataba wa kampuni ya nje na mitandao yetu, na siku usajili wa kila mwezi ukikoma au kampuni ikifunga seva zake, kisanduku hakitakuwa na matumizi yoyote.

Kwa matumizi ya umeme, kundi hili lote ni jepesi. Kifaa kinachovuta miliampea 50 mfululizo hutumia ampea-saa 1.2 kwa siku, na paneli ndogo kabisa ya sola hulirudisha hilo.

Mfumo mzima wa umeme uliounganishwa na ruta

Boti kubwa zenye betri za matumizi ya ndani, sola na jokofu mara nyingi tayari zina vifaa vya Victron Energy ya Uholanzi, kwa sababu wauzaji wa sola wa mjini wanavijua. Kwa boti ya namna hiyo, kuongeza Cerbo GX, kisanduku kinachokusanya taarifa za vifaa hivyo na kuzipeleka kwenye intaneti, ni hatua ya kawaida. Kifaa hicho kina viingilio 4 vya kupima matangi, 4 vya joto na 4 vya swichi, na tovuti yake ya VRM, ambayo haina malipo ya mwezi, huhifadhi kumbukumbu, huonyesha mahali boti ilipo ikiwa imefungwa kipokezi cha GPS, na hutoa onyo pale taarifa zinapokoma.

Hakuna mfumo mwingine katika ulinganisho huu unaoeleza hali ya betri vizuri kama huu, na jambo hilo lina uzito kwa wenye betri za lithiamu. Betri ya risasi iliyotulia husoma takribani volti 12.7 ikiwa imejaa na 12.2 ikiwa nusu, kwa hiyo hata kifaa rahisi kinachopima volti kinaweza kuonya kwa wakati. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 hukaa karibu na volti 13.2 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kisha huanguka ghafla ikikaribia kwisha. Kutegemea kipimo cha volti peke yake kwenye betri kama hiyo ni kujidanganya. Inahitajika shunti inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, na Cerbo GX huisoma moja kwa moja.

Gharama yake ni umeme na ugumu. Cerbo GX hutumia takribani wati 3, na ruta ya 4G huongeza wati 3 hadi 5. Kwa siku moja, wati hizo ni kama ampea-saa 12 hadi 16, mara kumi au zaidi ya kifaa kidogo. Paneli ya wati 100 katika jua zuri la Januari huzalisha takribani ampea-saa 25 na kulimudu hilo, lakini masika yanapofunika anga kwa siku nne au tano mfululizo hesabu hubadilika, na mfumo uliowekwa kuilinda betri unakuwa miongoni mwa wanaoila. Isitoshe, kila kiungo cha mnyororo kinaweza kukatika peke yake: ruta inaweza kuganda, kifurushi kinaweza kwisha, nyaya za baharini zinaweza kukatika. Kwa mwenye boti ya faiba ya mita 7 yenye betri moja, huu ni mzigo usiohitajika.

Setilaiti

Kwa boti inayolala Msasani au Kunduchi, ambako minara ya simu inaonekana kwa macho, sioni sababu ya kulipia setilaiti kila mwezi. Kwa anayeiacha boti siku kadhaa katika ghuba ya Mafia au Kilwa ambako simu yake mwenyewe haishiki, hali ni tofauti. GSM ina kikomo cha takribani kilomita 35 kutoka mnarani, na kifaa kilichofungwa karibu na usawa wa maji hupoteza mawasiliano kabla ya hapo. Iridium ina setilaiti 66 zinazozunguka kwenye kimo cha takribani kilomita 780 na kupashana habari zenyewe kwa zenyewe, hivyo hufika popote. Vifaa kama Garmin inReach hutumia mtandao huo. Globalstar, wenye SPOT, hurudisha mawimbi kwenye vituo vya ardhini vilivyo ndani ya upeo wa setilaiti husika, hivyo ni lazima uitazame ramani yao ya huduma kabla ya kulipa. Vifaa vingi vya bei ya chini vya setilaiti hutoa mahali boti ilipo na mwendo wake, wala havipokei swichi ya maji, na hilo peke yake linaviondoa kwa mtu ambaye hofu yake ni kuzama.

AIS, mfumo wa redio unaotangaza mahali chombo kilipo kwa vyombo vingine, nayo hutajwa mara kwa mara. Inafaa sana kuonekana na meli katika mkondo wa Zanzibar, lakini haijui lolote kuhusu ngama, na mtu akizima swichi kuu inanyamaza. Kamera hutumia data na umeme mwingi. Ziachiwe boti zenye mfumo mkubwa.

Duara la ulinzi na pepo mbili

Karibu mifumo yote yenye GPS huruhusu kuchora duara, na boti ikitoka nje yake kengele hulia. Watu hulalamika kwamba duara hili linasumbua, kisha wanalizima, na baada ya hapo boti iliyokata kamba huondoka bila mtu kujua. Mara nyingi kosa ni la mpangilio. Wengi husimama ndani ya boti, wanabonyeza “weka hapa”, na kuchagua mita 20 au 30. Wakati wa kaskazi boti hulala kusini-magharibi mwa boya lake. Kusi ikiingia hulala upande wa kaskazini. Ikiwa kamba ni mita 20 na kifaa kimefungwa katikati ya boti ya mita 8, umbali kati ya sehemu hizo mbili unaweza kukaribia mita 50 bila kamba kukatika. Ongeza kupwa na kujaa, ambako wakati wa bamvua maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kamba hulegea zaidi maji yakipwa.

Kwa hiyo chagua mfumo unaoruhusu kuweka kitovu cha duara juu ya boya lenyewe, na nusu kipenyo kiwe urefu wa kamba pamoja na nusu ya boti, na juu yake mita 10 hadi 15 za makosa ya GPS. Ukikuta mfumo unaokubali kitovu pale boti ilipo tu, duara italazimika kuwa karibu mara mbili ya hapo, na katika eneo lenye boti nyingi zilizokaribiana au miamba iliyo karibu, boti inaweza kuwa imeshagonga kabla kengele haijalia.

Mtu wa kufika

Mfumo wowote unafikia kikomo chake pale simu inapolia. Mwenye boti aliye Tabata akipata meseji saa nane za usiku, kisha boti iwe Kigamboni, ana safari ya kuvuka daraja, kisha atafute mtu mwenye ngalawa au kidau cha kumpeleka kwenye boya. Kwa uvujaji wa lita 60 kwa dakika, amechelewa. Mlinzi wa ufukweni, au baharia anayeishi karibu na aliye na njia ya kuifikia boti gizani, ana thamani kuliko tofauti ya bei kati ya kifaa cha kawaida na cha gharama. Namba yake iwe ya kwanza katika orodha ya kifaa, yako iwe ya pili, na mkubaliane mapema juu ya malipo ya kila anapoitwa, hata ikigundulika kwamba kengele ilikuwa ya bure. Asiyelipwa kwa kengele ya bure hataamka kwa ile ya kweli.

Hapa kifaa cha ujumbe mfupi kinapata tena nguvu, kwa kuwa mlinzi mwenye simu ya kitochi hupokea meseji na simu bila kuhitaji programu, kifurushi cha data wala neno la siri. Baadhi ya mifumo ya seva pia hutuma meseji kwa laini za Tanzania, lakini mingine hutuma barua pepe na arifa za programu tu. Uliza swali hili kabla ya mengine yote ikiwa mtu wako wa kufika hatumii simu janja.

Ningechagua nini

Kwa boti ya faiba ya wazi yenye mashine ya nje na betri moja, ningechukua kifaa cha gari chenye kisanduku kilichozibwa, laini ya hapa, seva ya mtoa huduma wa mjini, swichi ya maji ya pili iliyofungwa juu kidogo ya ile ya pampu, na onyo la kukosekana kwa mawasiliano. Swichi ya pili ni ya lazima: ile ya kwanza ikinasa, ya pili ndiyo itakayosema ukweli. Ikiwa bajeti haifiki huko, kifaa cha ujumbe mfupi chenye meseji ya kila asubuhi kitafaa, mradi meseji hiyo iende pia kwa mlinzi.

Kwa boti ya safari yenye vyumba, mashine ya ndani na vali kadhaa chini ya maji, kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya boti kinastahili gharama yake iwapo kitapita mtihani wa mtandao na wa laini nilioueleza. Kwa yenye mfumo wa Victron tayari, Cerbo GX iongezwe, lakini pembeni yake kiwekwe kifaa cha ujumbe mfupi kinachojitegemea, chenye swichi yake ya maji na betri yake ndogo. Vifaa viwili vyenye njia tofauti za mawasiliano ni bora kuliko kimoja chenye sifa nyingi. Kwa boti ya alumini, chochote utakachochagua lazima kiwe na antena ya nje, kwa sababu metali huzuia mawimbi ambayo faiba huyapitisha.

Kufunga, kusajili na kujaribu

Waya wa umeme wa kifaa utoke moja kwa moja kwenye betri, kabla ya swichi kuu, ukiwa na fyuzi ya ampea 1 hadi 3 karibu na nguzo ya betri. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, na kila kiungio kifunikwe kwa mpira wa kubana wenye gundi ndani. Fungua kiungio cha kawaida kilichokaa ngamani msimu mmoja uone: shaba imekuwa ya kijani, unga unabaki kwenye vidole, na waya unakatika ukiukunja. Kengele haipiti hapo.

Laini isajiliwe kwa alama za vidole kwa jina la mwenye boti, si la fundi aliyefunga, na ithibitishwe kwa kubonyeza *106#. Fundi akihama au mkigombana, laini ya jina lake ni mlango uliofungwa kwako. Ukiagiza kifaa kutoka nje, hakikisha aina yake imeidhinishwa na TCRA kabla ya kulipia usafiri. Kabla ya kuchagua kampuni ya simu, nenda kwenye boya na simu zenye laini tofauti, ziweke ndani ya chumba kitakamofungwa kifaa na si mkononi juu ya sitaha, ufanye hivyo maji yakiwa yamejaa na tena yakiwa yamepwa, halafu uchague ile inayotuma meseji kila mara.

Baada ya kufunga, mwaga ndoo za maji kwenye ngama hadi swichi ya juu inyanyuke, na mtu wa pili akiwa nyumbani aandike saa ambayo simu ililia. Kisha zima swichi kuu na uhakikishe kifaa bado kinajibu. Kisha chomoa umeme wa kifaa na upime muda hadi onyo la ukimya. Rudia majaribio haya matatu mwanzoni mwa Machi kabla ya masika, na tena kabla ya kusi kukaza, mlinzi akiwepo ili aijue sauti ya kengele na ajue pampu ya mkono na ndoo vimewekwa wapi.